Mashindano ya Kinga na Virusi vya UKIMWI

Katika mwaka wa 1983, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walivigundua virusi ambavyo baadaye vilithibitishwa kuwa ndivyo viletavyo UKIMWI. Mwaka uliofuata waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alitangaza kuwa alitumaini chanjo ingekuwa tayari kujaribiwa baada ya miaka 2 hivi. Tumaini hilo halikutimia, na sababu yake yafaa tuijue.

Mwili ukiingiliwa na virusi hutengeneza kingamwili, ambazo hushikamana na adui na kumzuia asipenye ndani ya chembe. Lakini adui huyu amejivika joho la sukari linaloficha sehemu zake dhaifu. Tena kila azaapo hujinakili kwa makosa madogo madogo, hata kizazi chake hakifanani naye sawasawa. Kingamwili ikisha kumtambua, yeye amekwisha kugeuza sura.

Hata hivyo, kwa watu wachache mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2013 wataalamu walieleza habari za mtu mmoja wa Afrika, ajulikanaye kwa alama ya CH505 tu, ambaye damu yake ilichunguzwa tangu wiki ya 4 hivi baada ya kuambukizwa hata ikapita miaka 3. Kingamwili ya asili ilivishika virusi vilivyoingia kwanza. Virusi vikajigeuza ili kuikwepa. Ndipo chembe zitengenezazo kingamwili nazo zikageuka: zilizoshika vema zikazaana, zilizoshindwa zikafa. Virusi vikageuka tena, na kinga ikavifuata tena. Mwisho ikapatikana kingamwili iitwayo CH103, iliyozuia kiasi cha asilimia 55 ya aina za virusi zilizojaribiwa. Ilishika mahali pale virusi vinapojishikiza ili kuingia ndani ya chembe, mahali ambapo haviwezi kupageuza ovyo bila kujidhuru.

Mtu angedhani kuwa mwenye silaha hiyo hupona. La, hasha! Silaha huja imechelewa, na virusi vilivyomo mwilini mwake huwa vimekwisha kuikimbia. Yeye hana budi kutumia dawa kama wengine.

Faida yake ni kwa wale ambao bado hawajaambukizwa. Wataalamu sasa wataka kuufundisha mwili hatua hizo mapema, moja baada ya moja, kwa chanjo. Katika jaribio moja la Marekani, lililotangazwa mwaka 2022, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa walipata chembe za hatua ya kwanza. Na mwaka 2025 yalitangazwa matokeo yanayofanana na hayo kutoka Rwanda na Afrika Kusini. Hizo si kinga kamili bado, ni mwanzo tu. Lakini njia yenyewe ilionyeshwa na miili ya watu ambao wao wenyewe haikuwaokoa.