Uwanja wa Nyimbo Uliolimwa Ngano

Wazee wa Kibarabaig, tawi kubwa la Wadatoga wafugaji, hawazihesabu sherehe kubwa za ujana wao kwa miaka. Wanazihesabu kwa marehemu. Mmoja akisema alikuwa kijana wa kuruka kwenye bung'ed ya mzee fulani, wenzake wanajua papo hapo ni ukoo gani na ni malisho ya upande gani, na mara nyingi ubishi unaanza kuhusu nani aliruka juu zaidi. Kwa mgeni inashangaza kidogo: mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa nyimbo na kucheza chini ya Mlima Hanang, Tanzania, ulikuwa mazishi, na hayo ndiyo bung'ed.

Hayakuwa mazishi ya kila mtu. Zamani, Mbarabaig wa kawaida akifa maiti yake iliachwa porini, na hakuna aliyeona ajabu. Kaburi la heshima lilikuwa la mzee aliyeishi miaka mingi, akaacha watoto wengi na jina safi. Mara chache lilijengwa kwa mwanamke mwenye hadhi hiyo. Maiti ilifungwa kwenye ngozi ya dume jeusi la ng'ombe. Kisha ukaanza ujenzi. Udongo na miti vilipandishwa juu ya kaburi hatua kwa hatua, kwa muda wa miezi 9 hivi, hadi kikasimama kilima cha zaidi ya mita 3. Mwanaanthropolojia wa Marekani, George Klima, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza kazi hiyo kwa kirefu.

Miezi hiyo 9 ndiyo iliyoifanya sherehe iwe kubwa. Habari ilipata muda wa kusafiri kwa miguu, kutoka boma hadi boma, mpaka kwa koo zilizohamia mbali kufuata malisho. Asali ilitafutwa mapema, kwa kuwa bila pombe ya asali wazee hawakai wala baraka hazitolewi. Watu wa koo nyingine nao walikuja na mchango wao, na deni la heshima likawekwa akilini kwa ajili ya msiba utakaofuata.

Siku ya kilele ilipofika, maelfu walikuwa wamekusanyika mahali ambapo kwa kawaida unaona ng'ombe, punda na vumbi tu. Hapakuwa na jukwaa wala mwimbaji mmoja wa kutazamwa. Nyimbo zilimsifu marehemu na wazee waliomtangulia. Mmoja alianzisha, umati ukapokea. Vijana wa kiume waliruka wakiwa wamenyooka kama mikuki, wasichana nao wakaruka kuwaelekea, sketi zao za ngozi zenye nyuzi nyingi zikipepea na bangili za shaba zikigongana. Uchumba mwingi ulianzia hapo. Wazee walijua, na hawakukasirika: kumzika mtu aliyeacha uzao mkubwa bila kuwapa vijana nafasi ya kuonana kungekuwa kumkosea.

 

Kumbukumbu za namna hii zina ndugu zao mbali. Agosti 1969 watu wapatao 400,000 walikusanyika kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur, huko Bethel katika jimbo la New York, kusikiliza muziki kwa siku tatu zilizogeuka nne. Jimi Hendrix alilifunga tamasha hilo la Woodstock asubuhi ya Jumatatu, wakati wengi walikuwa wameshaondoka. Waliokuwepo wamezeeka wakisimulia matope na mvua, na Wamarekani wamelitunza lile konde: mnara wa kumbukumbu uliwekwa mwaka 1984, na mwaka 2017 mahali hapo pakaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Uwanja wa tamasha moja ukatambuliwa rasmi na serikali.

Viwanja vya Hanang vilipata bahati nyingine.

Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifika saba, yakiwemo Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, na kwa jumla yakachukua kama ekari 100,000. Kwenye ramani yalionekana kuwa sehemu ndogo tu ya wilaya ya Hanang. Lakini mfugaji wa Kibarabaig huhamisha mifugo kati ya aina kadhaa za malisho kwa majira, na ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ile waiitayo muhajega, yenye rutuba kuliko nyingine. Ndiyo pia ardhi iliyobeba makaburi mengi ya wazee. Mtafiti Charles Lane, aliyefanya kazi Hanang katika miaka ya 1980, aliandika jinsi trekta zilivyopita juu ya vilima hivyo na jinsi njia za kuyafikia makaburi mengine zilivyofungwa.

Kilima cha udongo ni rahisi kukidharau. Mvua hukipunguza mwaka hadi mwaka, na dereva wa trekta aliyetoka mbali anaweza kukidhani kichuguu. Familia hazikosei. Huenda hapo kuomba, huonyesha watoto mahali babu alipolala, na hata kilima kikishuka hadi usawa wa nyasi, mahali panabaki panajulikana.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwasikiliza na kuwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa, hoja mojawapo ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kila mmoja kuwa ni mwenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Mtu ambaye ukoo wake ulimzika babu hapo kwa miezi 9 alitakiwa kuthibitisha uenyeji wake mahakamani. Ni hoja ya kisheria, na bado inauma kuisoma. Mwishoni mwa muongo huo serikali ilifuta kwa amri haki za kimila katika maeneo ya mashamba hayo. Wazee wakawaandikia watu wa Kanada barua ya wazi.

Msaada wa Kanada ulikoma katika miaka ya 1990, na baadaye NAFCO nayo ikaondoka. Bung'ed haijafa, bado hujengwa mara mojamoja, ingawa kwa watu wachache zaidi, kwani makanisa yamechukua sehemu ya misiba na vijana wengi wako mijini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazipa halmashauri za vijiji mamlaka ya kusimamia ardhi na kutenga ya matumizi ya pamoja. Vijiji vya wilaya za Mbulu na Hanang vinapopanga matumizi ya ardhi, hupima malisho, mashamba, vyanzo vya maji na eneo la shule. Viwanja vya makaburi haya navyo viandikwe kwenye ramani hizo, kwa majina ya wazee waliolala hapo, wakati wanaoyakumbuka majina bado wapo.