Falaki na jamaa zake
Kuita kila elimu ya nyota unajimu kunatuficha mengi. Falaki hupima nyota iko wapi, inang'aa kiasi gani, inasogea vipi. Astrofizikia huuliza imeundwa na nini na inawakaje. Kosmolojia huushika ulimwengu mzima, chanzo chake na kutanuka kwake. Hata hivyo elimu hizi hulishana. Mwaka 1868 mwanga wa Jua, ulipochambuliwa rangi kwa rangi, ulionyesha mstari wa manjano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ilikuwa heli, ambayo hapa duniani ilikuja kupatikana mwaka 1895! Kipimo kilizaa swali la fizikia. Naye Edwin Hubble, mwaka 1929, alilinganisha umbali wa galaksi na kasi zake, akaipa kosmolojia vipimo vya kusimamia.

Atakuwapo wa kupinga, akisema kwamba hata "kupiga falaki" zamani kulikuwa kutabiri. Ni kweli. Lakini matumizi yamekwisha kuyatenga maneno haya: leo Waislamu wanapojadili mwezi mwandamo, wanataja hesabu za falaki, na mnajimu ameachiwa kurasa za nyota magazetini. Kwa hiyo mwandishi wa habari za darubini aandike mwanafalaki.