Sojiki Nakahigashi
Sojiki Nakahigashi ni mkahawa mdogo wa mji wa Kyoto, nchini Japani, uliofunguliwa mwaka 1997 na mpishi Hisao Nakahigashi karibu na hekalu la Ginkaku-ji. Mwasisi wake alizaliwa katika ukoo wenye nyumba ya wageni ya Miyamasou, iliyoko milimani kaskazini mwa mji, ambayo ni mashuhuri kwa maakuli ya mboga za mwituni. Naye, akifuata ada hiyo, huondoka asubuhi kwenda kuchuma majani na maua mashambani, na kile alichojaaliwa kupata ndicho kinachoamua chakula cha siku. Wageni huketi kwenye kaunta mbele ya mpishi, wakiandaliwa chakula kimoja baada ya kingine kwa taratibu ya majira: machipukizi machungu wakati wa kuchipua, uyoga wakati wa kupukutika. Wali, ambao ndio kilele cha karamu, hupikwa katika chungu juu ya jiko la jadi. Mgeni huonjeshwa kwanza punje chache zilizoiva punde hivi, zingali na majimaji, kisha hupakuliwa wali kamili kwa dagaa mkavu wa kuchoma na achari. Mwongozo wa Michelin umeutunukia mkahawa huu nyota 2.