TEE: Treni Nyekundu Zilizovuka Mipaka

Jumapili ya tarehe 2 Juni 1957, ratiba ya kiangazi ya reli za Ulaya Magharibi ilianza kutumika ikiwa na jina jipya ndani yake: Trans Europ Express, ambalo abiria walilifupisha upesi likawa TEE. Mwezi Machi mwaka huohuo nchi sita zilikuwa zimetia saini Mkataba wa Roma wa kuziunganisha kiuchumi, na wanasiasa ndio waliopigwa picha. Sisi wapenzi wa reli tunaamini kwamba umoja wenyewe uliingia stesheni umepakwa nyekundu iliyoiva na rangi ya maziwa.

Heshima ya kwanza ni ya F.Q. den Hollander, rais wa Shirika la Reli la Uholanzi. Mzee huyu alikabidhiwa reli ambayo vita vilikuwa vimeiachia madaraja yaliyobomoka na mabehewa yaliyoporwa. Akaisimamisha tena, akaitandazia nyaya za umeme, hata mwanzoni mwa 1958 Uholanzi ikawa imekwisha kuagana na injini za mvuke. Ndoto yake ilikuwa kampuni moja ya pamoja, yenye treni za muundo mmoja, isiyomilikiwa na taifa lolote. Wakuu wenzake wa reli walimsikiliza kwa adabu, kisha kila shirika likaenda kuagiza treni kwa mafundi wa kwao! Mtu mwingine angesusa. Yeye alipokea kilichopatikana: jina moja, rangi moja na masharti yanayofanana. Daraja la kwanza tu, tena kwa nauli ya nyongeza. Viti visizidi vitatu kwa upana wa behewa. Chakula kipikwe humohumo. Mwendo ufike kilomita 140 kwa saa. Ofisi ya uratibu ikawekwa The Hague.

Na kwa nini treni hizi za kwanza zilikuwa za dizeli, wakati Waswisi walikuwa na umeme karibu kila bonde? Kwa sababu umeme wa reli haukuwa wa aina moja. Uholanzi ilitumia volti 1,500, Ubelgiji 3,000, Ujerumani na Uswisi 15,000 za mkondo geu, na Ufaransa ilikuwa na mifumo miwili peke yake. Kichwa cha umeme kikifika mpakani kilikuwa hakina la kufanya ila kubadilishwa, na dakika zinakwenda. Njia nyingine hazikuwa na nyaya kabisa. Dizeli ilibeba nguvu yake tumboni, ikapita.

Mpaka wenyewe ulikuwa na maudhi yake. Hapo zamani treni ilisimama, abiria wakafungua mabegi, maofisa wakachukua muda wao. Katika TEE, pasipoti na mizigo vilikaguliwa treni ikiwa mwendoni. Ratiba nyingi zilipangwa ili mfanyabiashara aondoke asubuhi, amalize mazungumzo yake nchi ya pili, na usiku alale kwake.

Treni zenyewe zilitofautiana kama ndugu wa baba mmoja. Wajerumani walileta VT 11.5, yenye pua ya mviringo na kichwa cha injini kila upande, madirisha ya vioo viwili vyenye pazia katikati, kiyoyozi na baa. Kwangu mimi hakuna treni ya dizeli iliyowahi kuipita kwa uzuri. Safari ya Helvetia, kati ya Hamburg na Zürich, ilikuwa yake. Waholanzi na Waswisi walishirikiana kujenga treni tano, zikafanya safari kama ile ya Edelweiss kati ya Amsterdam na Zürich. Waitaliano walikuja na treni fupi za Breda za mabehewa mawili. Wafaransa, tuseme kwa upole, walichukua muundo wa treni waliokuwa nao wakaupaka rangi.

Umeme haukukaa kimya. Mwaka 1961 Waswisi walitoa treni iliyoweza kutumia mifumo minne ya umeme, na Gottardo ikaanza kati ya Zürich na Milano. Toka hapo dizeli ilipungua mwaka hadi mwaka. Treni za Rheingold na Le Mistral zilijiunga na TEE 1965; Catalan Talgo, iliyobadilisha upana wa magurudumu mpakani mwa Hispania, 1969. Februari 1971 ilikuwa na huzuni yake huko Aitrang, Ujerumani, ambako treni ya Bavaria ilianguka na watu 28 wakafariki, Mungu awarehemu. Merkur ikafika Copenhagen 1974. Kisha ndege, barabara kuu, na treni za haraka zenye daraja la pili zikawachukua abiria. Mwishoni mwa Mei 1987 treni za EuroCity zilichukua nafasi ya TEE.

VT 11.5 ziliendelea kutumika Ujerumani, mwishowe zikibeba watalii kwenda milimani, na mwaka 1990 seti moja ilikodiwa na reli za Ujerumani Mashariki kwa safari za Berlin na Hamburg. Treni nne za Waholanzi na Waswisi ziliuzwa Kanada, zikawa Northlander ya kutoka Toronto kwenda kaskazini. Injini zao hazikuumudu muda mrefu utumishi wa huko, zikabadilishwa kwa vichwa vya Kimarekani, lakini mabehewa yalidumu hadi miaka ya 1990. Baadhi yake wapenzi wa reli wa Uswisi na Uholanzi waliyarudisha Ulaya kwa meli. Tunawashukuru.