Tarehe 25 Novemba: siku ya wapagazi ambayo hatuikumbuke

Kila mwaka tarehe 11 Novemba, saa tano ya asubui, watu kule Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza wanasimama kimya. Ni saa ile bunduki zilinyamaza Ulaya mwaka wa 1918. Tarumbeta inalia, maua yanawekwa kwenye makaburi.

Lakini huku kwetu, kandokando ya ziwa Tanganyika, vita haikuisha siku ile. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa angali anatembea na watu wake ndani ya Rhodesia ya Kaskazini, inchi inayoitwa leo Zambia. Habari ilimufikia tarehe 13, karibu na mto Chambeshi. Akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba kule Abercorn, ndio Mbala ya leo, kusini ya ziwa letu. Siku 14 zilipita, na katika siku zile mizigo iliendelea kubebwa kichwani.

Vita ile ilianza hapahapa. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani ilishambulia bandari ya Lukuga, pale Kalemie ilikuja kujengwa. Mwaka wa 1916 askari wa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, walivuka mupaka: Kigali mwezi wa tano, Kigoma mwezi wa saba, Tabora tarehe 19 Septemba. Jina la Tabora likawa sifa kubwa Ubelgiji.

Ni nani alifikisha risasi na unga Tabora? Hakukuwa barabara za magari. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Kongo wapagazi walikuwa karibu 260,000, wengi sana kuliko askari. Chifu aliambiwa atoe watu, akatoa. Walitembea na mzigo wa kilo 25 hivi, katika baridi ya milima ya Rwanda ambayo mutu wa bonde hakuizoea, na chakula ambacho tumbo halikujua. Kuhara na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi. Askari alikuwa na namba na mushahara. Mupagazi aliyeanguka aliachwa kando ya njia, na mutu wa nyuma akapewa mzigo wake. Kiisha vita, homa kubwa ya 1918 ikapita vijijini, na vifo vya wapagazi vikachanganyika na vifo vingine.

Kule Schaerbeek, Brussels, kuna munara wa mwaka 1970 juu ya askari wa vita za Afrika, na Wakongomani wa kule wamezoea kukusanyika pale tarehe 11 Novemba. Ni jambo nzuri, ila munara ule ni wa majeshi.

Wapagazi wa Waingereza walibakia na jina, kwa bahati tu: Kariakoo. Wafanyabiashara wetu wanaoshuka Dar es Salaam kununua vitenge na simu wanalitaja jina lile kila siku. Linatoka kwa kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jinsi lilivyotamkwa na watu wenyewe. Wapagazi wa Wabelgiji hawakuachiwa hata soko.

Mwaka wa 2018 Zambia iliadhimisha miaka 100 kule Mbala, tarehe 25 Novemba yenyewe, si tarehe 11. Mimi naona walichagua vizuri. Kutoka Kalemie ni ziwa lilelile.

Ao labda sisi tumechoka na tarehe za mwisho wa vita. Mapatano ya Pretoria yalitiwa sahihi tarehe 17 Desemba 2002, na sijaona mutu akiwasha mushumaa siku ile. Tunayoikumbuka ni tarehe 2 Agosti, siku vita ya 1998 ilianza. Hiyo sasa iko katika sheria ya inchi. Mwanzo tunaujua. Mwisho, mutu wa Kivu akiulizwa ni tarehe gani, anakutazama tu.