Vijidudu vya dizeli: mwizi anayeishi ndani ya tangi

Lori likianza kukosa nguvu mlimani, wa kwanza kushukiwa huwa dereva. Tajiri husema ameuza mafuta akajazia taka. Dereva naye huilaumu petroli stesheni. Ugomvi wa aina hii nimeusikia mara nyingi kwa wenye malori wa huku kwetu Pwani, wanaopanda hadi Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kupakia mahindi. Wakati mwingine wote wawili hawana hatia. Mwizi yumo ndani ya tangi, na ni mdogo kiasi kwamba jicho halimwoni.

Ni nini hasa?

Ndani ya dizeli huweza kuota kuvu, hamira na bakteria. Kuvu maarufu zaidi wataalamu humwita Amorphotheca resinae. Vijidudu hawa hula mafuta, lakini hawawezi kuongezeka bila maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hivyo hutuama chini ya tangi. Pale maji na mafuta yanapokutana ndipo wanapojenga makao yao, utando unaoteleza kama kamasi. Utando huo ukivutwa na pampu huziba filta. Asidi wanayotoa hula tangi, pampu na nozeli. Injini za kisasa, zinazorusha mafuta kwa shinikizo kubwa kupitia vitundu vyembamba, huumia upesi zaidi.

Kwa nini Soy?

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Soy iko jirani yake. Mchana kuna jua, usiku kuna baridi. Tangi lililo nusu tupu huvuta hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi na kudondoka chini. Lori likilala siku kadhaa likingoja mzigo, maji huongezeka. Trekta na kombaini za ngano huwa katika hatari zaidi, kwa kuwa baada ya mavuno hukaa miezi bila kuwashwa. Nasi wa Pwani tusijione salama: joto letu ndilo vijidudu wanalolipenda. Maji yaliyokusanywa bara huja kuotesha uchafu Mombasa.

Jinsi ya kupima

Dalili ni filta kuziba mara kwa mara, injini kuwaka kwa shida, nguvu kupungua penye mlima, na wakati mwingine harufu kama ya yai viza. Acha gari litulie usiku mzima. Asubuhi, fungua nati ya chini ya tangi na ukinge mafuta kwenye chupa safi ya kioo. Iache saa moja. Dizeli nzuri huwa angavu. Ukiona maji chini, na katikati tabaka jeusi au la kahawia lenye nyuzinyuzi, wamekwisha kuhamia.

Matibabu

Kwanza, toa maji yote. Dawa bila kutoa maji ni pesa iliyotupwa, kwa sababu makao yamebaki. Pili, kama utando ni mwingi, tangi lishushwe, lisafishwe kwa mkono na likaushwe kabisa. Tatu, tia dawa iliyotengenezwa mahsusi kuua vijidudu vya dizeli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Vaa glavu na miwani, maana dawa hiyo ni kali. Nne, badilisha filta na ubebe nyingine za akiba: vijidudu waliokufa hubanduka na kuziba filta siku za mwanzo. Usikubali kuishiwa na filta katikati ya milima ya Timboroa na trela limejaa.

Usitie dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwani hula chuma. Usitie petroli, kwani ni hatari ya moto na huharibu pampu. Mafuta ya taa nayo hayaui vijidudu. Na uchafu uliotoka usimwagwe shambani wala karibu na kisima. Wapewe wenye leseni ya NEMA ya kukusanya taka hizo.

Kinga

Jaza tangi jioni, si asubuhi, ili hewa isipate nafasi. Mwaga maji ya sepereta kila wiki, na msimu wa mvua kila siku. Kagua mpira wa kifuniko cha tangi. Usinunue mafuta wakati tanka linashusha stesheni, kwa sababu uchafu wa chini umetibuliwa. Mwenye kuweka akiba shambani alaze pipa ubavu, kivulini. Pipa lililosimama hukusanya mvua juu na kuinyonya kupitia vifuniko. Mashine inayoegeshwa kwa msimu ijazwe hadi juu, na kabla ya kuwashwa tena imwagwe maji.

Kazi hii haihitaji fundi mkubwa, na chupa ya kioo haina gharama. Dini yetu imetuonya juu ya dhana. Kabla hujamkata dereva mshahara wake au kumwita mwizi mbele ya utingo wake, kinga chupa moja chini ya tangi, mkaitazame pamoja.