Kabla Hayajachacha: Kinywaji cha Harusi na Historia Yake Ngara na Biharamulo



Siku hizi katika karamu zetu kuna gilasi moja inayopendwa sana: ndimu, majani ya nanaa, barafu na mapovu yanayopanda juu. Jina lake ni mojito, asili yake Kuba, na kwa asili hutiwa ramu, pombe kali ya miwa. Sisi tunaitaka gilasi hiyo bila ya ramu, na hilo ni jambo jepesi. Lakini kabla hatujachanganya chochote, tuvuke maji twende mbali kidogo, mpaka mkoa wa Kagera. Huko iko wilaya ya Ngara, inayopakana na Rwanda na Burundi, na mashariki yake iko Biharamulo. Historia ya vinywaji vya huko inatufundisha jambo ambalo kila bi harusi anafaa kulijua.

Kagera ni nchi ya migomba. Zipo ndizi za kupika, na zipo za kukamua. Hizi za kukamua huivishwa kwa joto, mara nyingi katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, kwa siku kadhaa. Kisha humenywa, huchanganywa na nyasi, na kukandwa katika chombo kikubwa cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Kwa Wahaya kazi ya kukanyaga kwa miguu ni ya wanaume. Kinachotoka ni maji matamu sana, na saa hiyo hayana ulevi wowote. Hata mtoto hupewa.

Maji hayohayo, yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa na kulala usiku mmoja au zaidi, yanageuka pombe. Hamira iliyomo inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na gesi. Ndiyo maana pombe ya ndizi hutoa mapovu. Hakuna aliyeongeza kitu cha ajabu. Ni muda tu uliopita.

Tazameni na majina. Wahaya huiita pombe hiyo rubisi. Ukipanda kaskazini mpaka Buganda, omubisi ni yale maji matamu ambayo hayajachacha, na Waislamu wa huko wanajulikana kwa kuyanywa na kuwapa wageni wao. Majina mawili yanayofanana kama ndugu, moja la pombe na moja la maji matamu. Mgeni anayetegemea jina peke yake anaweza kupotea. Swali la kuuliza ni: yamekamuliwa lini?

Swali hili si geni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilipita Usui, nchi ambayo leo ni eneo la Biharamulo. John Hanning Speke na James Grant walipita hapo mwaka 1861, wakazuiliwa na kudaiwa hongo na mtawala wa Usui, Suwarora, kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walikuwa wametangulia. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda katika miaka ya 1840, na anakumbukwa kwa kuzungumza na Kabaka Suna habari za Mwenyezi Mungu. Baadaye aliishi Kafuro, Karagwe, ambako Stanley alimkuta mwaka 1876.

Fikirieni hali ya Waislamu katika nchi hizo. Pombe ya ndizi haikuwa ulevi tu. Ilikuwa heshima. Ilipelekwa kwenye posa, ilikuwemo katika mahari, ilinywewa kwa kupatanisha waliogombana, na kwa watu wa upande wa Burundi na Ngara ilinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Kukataa chungu kungeweza kuonekana kama kukataa ukoo. Kwa nyumba ya Kiislamu, maji matamu ya siku hiyohiyo yalikuwa mlango wa rehema: shamba lilelile, ndizi zilezile, na mkono uleule wa ukarimu, bila ya kilevi. Mtu aliweza kupokea ukarimu wa jirani na kuilinda dini yake.

Sasa turudi kwenye ramu, maana nayo ina historia yake, na si tamu. Ilianza kutengenezwa katika karne ya 17 huko Karibi, kutokana na molasi, yale masalia mazito ya kutengeneza sukari. Mashamba yale yalilimwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na ramu yenyewe ikarudi pwani ya Afrika Magharibi kununua watumwa wengine. Ilipofika mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia pombe kali zisiingizwe wala kutengenezwa katika sehemu za Afrika ambako watu hawakuwa na desturi ya kuzinywa, na mkataba ule ulitaja imani ya dini kuwa moja ya sababu za watu kutozinywa. Pombe za asili kama rubisi hazikuguswa, kwa kuwa ulihusu pombe za kukenekwa.

Katika dini yetu somo hili la muda lipo wazi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (RA), kwamba Mtume (SAW) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa maji yake siku hiyo, ya pili na ya tatu. Kilichobaki baada ya hapo hakukinywa. Siku tatu zile si ruhusa ya kufumba macho: kilichokwisha kuwa kilevi ni haramu hata kikiwa cha siku moja. Na joto letu la pwani linachachisha haraka. Friji hupunguza mwendo, haisimamishi.

Basi na tutengeneze gilasi yetu kwa muwa wenyewe, kabla haujawa ramu. Kwa gilasi sita: maji ya miwa yaliyokamuliwa sasa hivi nusu lita, ndimu 4, konzi moja ya nanaa, kipande kidogo cha tangawizi, barafu, na maji ya gesi baridi lita moja. Minya nanaa taratibu kwa mgongo wa kijiko. Ukiitwanga itatoa uchungu. Tia maji ya ndimu, tangawizi iliyoparwa, kisha maji ya miwa. Chuja ukipenda. Weka barafu, na mwisho kabisa mimina maji ya gesi polepole ubavuni mwa jagi ili mapovu yasiishe. Inywewe saa hiyohiyo.

Kuna mapovu ya aina mbili, dada. Ya maji ya gesi yametiwa kiwandani, hayana neno. Lakini maji ya miwa au ya ndizi yakianza kutoa mapovu yenyewe, na harufu ikawa ya hamira, mwaga.

Na wewe bi harusi, zungumza na mpishi wako mapema. Mwambie akamue siku ya shughuli, si jana yake. Asome chupa za ladha, kwani baadhi ya ladha za ramu zimetengenezwa kwa kilevi. Na ukiolewa Ngara au Biharamulo, ukaletewa kinywaji na wakwe, kipokee kwa mikono miwili, shukuru, na uulize kwa adabu kama kimekamuliwa leo. Wenyeji wanajua tofauti hiyo kuliko sisi, na hawatakuona mkorofi kwa kuuliza.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu na meza zenu. Amin.